Kosa la Kiwanda, Tofauti ya Muhuri au Uharibifu? Namna ya Kuikagua Sarafu Yenye Kasoro

Sarafu nyingi zinazodaiwa kuwa na kosa adimu ni sarafu zilizoharibika tu. Ziligongwa na nyundo, zilipondwa na magari, zilichomwa moto, zililowekwa kwenye asidi au zilinaswa ndani ya mashine ya kukaushia nguo. Hilo lisimkatishe mtu tamaa. Makosa ya kweli yapo, na bado watu huyaokota kwenye chenji. Ila anayeyataka lazima kwanza ajue kuyatenga na uharibifu, na swali la kuanzia ni hili: jambo hili liliipata sarafu lini? Kabla haijagongwa chapa, wakati inagongwa, au baada ya kutoka mashineni?

Kwa jibu la swali hilo, sarafu inaingia kwenye fungu moja kati ya matatu. Kosa ni ajali iliyotokea wakati wa kutengeneza sarafu hiyo, kwa mfano kisahani (kipande cha metali ambacho bado hakijagongwa chapa) kilichomegeka au chapa iliyokwenda pembeni. Tofauti ya muhuri ni jambo lililo kwenye muhuri wenyewe, yaani kipande cha feleji kinachogonga picha kwenye sarafu, kwa hiyo linajirudia kwenye kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo. Uharibifu ni chochote kilichoipata sarafu baadaye, hata kama kinavutia kiasi gani.

Sarafu inavyozaliwa

Bila kuijua kazi ya kiwandani utabaki kukisia. Bamba refu la metali huviringishwa hadi lifikie unene unaotakiwa, kisha mashine hulitoboa na kutoa visahani vya duara. Visahani hupashwa moto vilainike, huoshwa, na hupitishwa kwenye mashine inayobana pembeni ili kuinua ukingo kidogo pande zote. Baada ya hapo huingia kwenye mashine ya kugongea chapa, kimoja kimoja, kati ya mihuri miwili ya feleji ngumu, huku pete ya feleji ikizunguka kisahani. Mihuri ikikutana, metali husukumwa na kujaza mashimo ya picha na maandishi, na pete huizuia isitanuke. Pete ikiwa na vijino, ndivyo vinavyoacha mistari ya ubavuni.

Mihuri hiyo nayo hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, ambao picha yake imeinuka kama ya sarafu. Kwa hiyo kwenye muhuri wa kazi kila kitu kimezama na kimegeuka, na sarafu hutoka ikiwa kinyume chake. Hapa ndipo inapopatikana kanuni inayotatua nusu ya maswali yote: kilichochimbika kwenye muhuri hutokea kimeinuka kwenye sarafu. Mkwaruzo wa muhuri huwa mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa sarafu huwa mfereji uliozama, wenye vijituta vya metali vilivyosukumwa kandokando.

Kanuni ya pili ni kwamba metali haipotei bila kuacha alama. Palipobonyea, kuna mahali metali ilikokwenda. Palipopungua, mizani itasema. Kila unapoona jambo la ajabu, tafuta metali ilikokwenda.

Vifaa

Huhitaji maabara. Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha kwa karibu kila kitu, na wengi hupendelea kuanza na ya mara 5 kwa sababu inaonyesha eneo kubwa zaidi. Hadubini ya kuunganisha na kompyuta ni nzuri kwa kupiga picha, lakini ina hatari yake: ukikuza mara 100, kila sarafu ya kawaida inaonekana ina makosa. Jambo ambalo halionekani kwa mara 10 mara nyingi halina mnunuzi.

Mizani isome hadi gramu 0.01, na uipime kwanza kwa jiwe la uzani unalolijua. Tafuta kalipa ya dijitali ya kupimia kipenyo na unene, inayosoma hadi milimita 0.01, sumaku ndogo yenye nguvu, na taa moja ya mezani inayoweza kusogezwa. Taa mbili huua vivuli, na vivuli ndivyo unavyovihitaji. Mwisho, weka karibu sarafu nzima ya aina ile ile, na ya mwaka ule ule ikiwezekana. Hiki ndicho kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Mtu anayedai kwamba herufi fulani ni nene isivyo kawaida huwa hajaiona herufi hiyo kwenye sarafu ya kawaida.

Shika sarafu kwa ubavu, juu ya kitambaa laini. Usiisugue, usiipake dawa ya meno, ndimu wala chochote cha kung'arisha. Kusugua huacha mikwaruzo myembamba maelfu inayoelekea upande mmoja, na hakuna njia ya kuirudisha sarafu ilivyokuwa. Kama kuna utando wa gundi au plastiki, asetoni safi (si ile ya kuondolea rangi ya kucha, yenye manukato na mafuta) huuyeyusha bila kugusa metali. Itumie dirisha likiwa wazi na mbali na moto.

Anza na uzito

Pima kabla hujaangalia kingine. Uzito rasmi wa sarafu hutangazwa na benki kuu au kiwanda cha sarafu cha nchi husika, na una kiwango cha kupungua au kuzidi kinachoruhusiwa. Senti 1 ya Marekani ya zinki iliyopakwa shaba, kwa mfano, ni gramu 2.50, na inaruhusiwa kupotoka kwa gramu 0.10. Ile ya zamani ya shaba ni gramu 3.11, ikipotoka kwa 0.13. Aina zote mbili zilitengenezwa mwaka 1982, hivyo kwa mwaka huo ni mizani itakayokuambia una ipi mkononi. Sarafu iliyopungua au kuzidi ndani ya mipaka hiyo ni ya kawaida, na iliyotumika miaka mingi hupungua zaidi kidogo kwa kulika.

Sumaku inafuata, kwa sababu kuna sarafu ambazo mizani haizitenganishi. Penny 2 za Uingereza za mwaka 1998 zilitolewa za bronzi na za chuma kilichopakwa shaba, na zote zina gramu 7.12. Za chuma ni nene kidogo, na zinanaswa na sumaku. Za bronzi hazinaswi.

Mfano unaoonyesha umuhimu wa vipimo hivi viwili ni senti 1 ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka huo, kwa sababu ya vita, senti ziligongwa kwenye feleji iliyopakwa zinki, lakini visahani vichache vya bronzi vilivyobaki viliingia mashineni. Watu wamepaka shaba senti za feleji kwa wingi ili zifanane nazo. Sumaku inaziumbua papo hapo, kwa kuwa ya bronzi hainaswi na ina uzito wa karibu gramu 3.11, wakati ya feleji ni 2.7. Kuna ghushi ya pili iliyo ngumu zaidi: senti ya bronzi ya 1948 ambayo 8 yake imekatwa ikawa 3. Hiyo inapita sumaku na mizani. Hapo unachukua senti ya feleji ya 1943 na kulinganisha umbo la 3 kwa lenzi, mkia kwa mkia.

Imeinuka au imezama?

Hili linaonekana rahisi, lakini ndipo watu wengi wanapokosea, hasa kwenye picha. Macho hudanganywa na kivuli, na mfereji unaweza kuonekana kama tuta. Weka taa upande wa kushoto, chini kabisa, mwanga ukatize uso wa sarafu. Angalia mstari unaoutilia shaka. Kama umeinuka, ubavu wake ulio karibu na taa ndio unaong'aa, na kivuli kinaangukia upande wa mbali. Kama umezama, ni kinyume: ukuta wa mbali ndio unaong'aa, na ule wa karibu una giza. Izungushe sarafu robo duara na uangalie tena. Ukituma picha kwa mtu, mwambie taa ilikuwa upande gani.

Ufa wa muhuri sasa unajieleza wenyewe. Muhuri ukipasuka, metali huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari mwembamba ulioinuka, unaopinda bila mpangilio na kupita kwenye maandishi na mahali patupu bila kuzivunja herufi. Ufa huo hukua. Sarafu za mwanzo zina mstari mfupi, za baadaye una urefu, na mwisho kipande cha ukingo wa muhuri humeguka kabisa. Hapo sarafu hupata kibonge laini kilichoinuka ukingoni, kisicho na maandishi. Geuza sarafu hiyo uangalie upande wa pili, mahali pale pale. Picha inapaswa kuwa dhaifu, kwa kuwa metali ilikimbilia kwenye pengo upande wa kwanza. Kibonge ambacho nyuma yake picha ni kali na kamili, kitilie shaka. Huenda ni gundi au risasi iliyodondoshwa.

Tahadhari moja kwa senti za zinki zilizopakwa shaba: hewa hunaswa chini ya shaba na kufanya malengelenge, mengine marefu kama mistari. Yameinuka, yanafanana na ufa wa muhuri, na hayana thamani ya ziada. Lengelenge ni la mviringo juu na kingo zake zimelegea. Ufa una kingo kali.

Maandishi yanayoonekana mara mbili

Hapa ndipo penye pesa nyingi na makosa mengi ya utambuzi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Muhuri uliorudufika hupatikana pale muhuri wa kazi unapokandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja, na mara ya pili hailingani na ya kwanza. Picha mbili zinachorwa kwenye muhuri, na kila sarafu inayotoka ina picha hizo mbili. Senti 1 ya Marekani ya mwaka 1955 ndiyo maarufu kuliko zote: mwaka na maandishi yake yanaonekana mara mbili kwa macho matupu. Ya 1972 nayo inaonekana bila shida. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990, kiwanda cha Marekani kilihamia kwenye kukandamiza muhuri mara moja tu kwa nguvu, na urudufu haukwisha bali ulihamia. Sasa hujitokeza zaidi karibu na katikati ya sarafu, kwa sababu muhuri huweza kukaa upande kidogo mwanzoni mwa mkandamizo na kujirekebisha kabla haujamalizika. Kwenye sarafu za kisasa, basi, usiishie kwenye maandishi ya pembeni.

Dalili zake ni hizi. Picha zote mbili zimeinuka na zina mgongo wa mviringo, kama herufi yoyote ya kawaida. Ncha za herufi zimegawanyika, na kwenye pembe za herufi kuna kijipengo, kama palipochanjwa. Herufi kwa jumla imekuwa nene kuliko ya kawaida. Metali imeongezeka.

Mrudufu wa mashine ni kitu kingine kabisa. Muhuri uliolegea hutetemeka au kuteleza mara tu baada ya kugonga, na husukuma ubavu wa herufi ambazo tayari zimeshachapwa. Matokeo yake ni kijingazi bapa, cha chini, kinachong'aa, kando ya herufi. Herufi haijawa nene, bali imeliwa, kwa sababu kijingazi hicho kimekatwa kutoka kwenye mwili wake. Jumla ya upana imebaki ile ile, na sehemu ya juu imekuwa nyembamba. Mrudufu huu hupatikana kwa maelfu kwenye sarafu za nchi zote, na wakusanyaji wengi hawauongezei bei. Ukijifunza jambo moja tu kwenye mwongozo huu, liwe hili la ngazi bapa na mgongo wa mviringo.

Senti 1 ya Marekani ya mwaka 1969 yenye herufi S ya kiwanda cha San Francisco inatoa kipimo kizuri. Enzi hizo herufi ya kiwanda ilipigwa kwa mkono kwenye kila muhuri, baada ya muhuri kuwa umeshapata picha nyingine zote. Kwa hiyo kwenye sarafu yenye muhuri uliorudufika kweli, mwaka na maandishi ni mawili lakini S ni moja. S ikiwa nayo imerudufika kuelekea upande ule ule, una mrudufu wa mashine, maana mtetemo hauchagui herufi. Hoja hiyo inatumika kwa sarafu za Marekani za matumizi ya kawaida za kabla ya 1990 zenye herufi ya kiwanda. Kupigwa kwa mkono huko ndiko pia kulikozaa tofauti ya herufi ya kiwanda iliyopigwa mara mbili, moja ikitokeza nyuma ya nyingine.

Chanzo cha tatu ni muhuri uliochoka. Ukigonga sarafu mamia ya maelfu, feleji hulika na kingo za herufi hutanuka. Sarafu hupata kivuli hafifu kisicho na mpaka, mara nyingi kuelekea ukingoni, na uwanda wake (sehemu bapa isiyo na picha) huwa na vijimistari au mikwaruzo kama ya ganda la chungwa. Tarakimu ya mwisho ya senti fulani za 1955 huonyesha kivuli cha namna hii, na watu wameuziwa wakiamini ni ile ya urudufu maarufu. Ukizilinganisha hizo mbili mara moja tu, hutazichanganya tena.

Kwa yoyote unayodhani ni tofauti ya muhuri, kumbuka maana yake: lazima kuwe na dada zake. Sarafu zote za muhuri mmoja zina alama zile zile ndogo, mkwaruzo ulioinuka hapa, kidoa kilichoinuka pale. Wenye katalogi hutaja alama hizo. Zako zikilingana, umefika. Zisipolingana hata moja, simama kwanza.

Tofauti nyingine hazihitaji lenzi, zinahitaji kalenda. Penny 2 za Uingereza za 1971 hadi 1981 zina maneno NEW PENCE, na zimejaa kila mahali. Tangu 1982 zinapaswa kuwa na TWO PENCE, ila baadhi za mwaka 1983 zilitoka na NEW PENCE. Bila kusoma mwaka, huna kitu. Vivyo hivyo penny 20 ya mwaka 2008: muundo ulibadilika, mwaka ukahamishwa kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa kichwa, na muhuri wa kichwa wa zamani ukakutanishwa na muhuri mpya wa nyuma. Sarafu zikatoka hazina mwaka upande wowote. Anayeangalia upande mmoja tu hudhani kila penny 20 haina mwaka.

Makosa ya kisahani

Sarafu iliyomegeka hutokana na mashine ya kukatia visahani kupiga mahali palipokwishatobolewa. Kipande kilichokosekana kina umbo la upinde. Angalia mambo matatu. La kwanza ni ukingo ulio mkabala kabisa na mmego, upande wa pili wa sarafu: mara nyingi utakuwa dhaifu au umefutika. Mashine ya kuinua ukingo hubana kisahani kutoka pande mbili, na palipo na pengo hakuna cha kubana, hivyo na upande wa pili hukosa nguvu. Wakusanyaji huliita jambo hili athari ya Blakesley. La pili ni maandishi karibu na mmego, ambayo huwa yamefifia na kuvutika kuelekea pengoni, kwa sababu metali ilipata pa kukimbilia. La tatu ni uzito, ambao lazima upungue. Sarafu iliyokatwa kwa mkasi au tupa ina maandishi makali hadi kwenye mkato, yaliyosimama ghafla, na ukingo kamili upande wa pili. Athari ya Blakesley haionekani kwenye kila mmego wa kweli, hasa ule mdogo, kwa hiyo usiitumie peke yake.

Kubabuka ni pale uchafu au gesi iliyonaswa kwenye metali inapofanya tabaka la juu liachie na kunyanyuka kama gamba. Sehemu iliyo chini ya gamba ina mistari ya kuviringishwa kwa bamba. Kucha au kisu havifanyi hivyo.

Sarafu za tabaka wakati mwingine hukosa tabaka moja la nje. Robo dola ya Marekani ina shaba katikati na mchanganyiko wa shaba na nikeli juu na chini, kila tabaka la nje likiwa karibu sehemu moja ya sita. Robo dola nzima ni gramu 5.67. Iliyokosa tabaka moja huwa karibu gramu 4.7, na upande mmoja ni mwekundu kabisa. Ikiwa nyekundu na bado ina 5.6, ni madoa ya udongo au kemikali. Kipimo cha sekunde tano kinamaliza mjadala.

Makosa ya kugonga chapa

Kisahani kisipokaa katikati, chapa huenda pembeni na sehemu hubaki tupu. Sehemu hiyo tupu iwe laini, na pande zote mbili za sarafu zikosee kuelekea upande mmoja. Picha ikiwa pembeni mbele lakini katikati nyuma, si kosa la kisahani kukaa vibaya; huenda ni muhuri mmoja uliosogea. Sarafu inayoonyesha mwaka wake huthaminiwa zaidi.

Pete isipoinuka kabisa, metali hutanuka. Sarafu huwa pana kuliko kawaida, nyembamba kidogo, na ubavu wake ni laini hata kama inapaswa kuwa na mistari. Uzito haubadiliki. Kuna watu huweka sarafu kati ya vipande vya ngozi na kuigonga nyundo hadi itanuke. Hiyo nayo ni pana na uzito wake sahihi, lakini herufi zimepanuka na kufifia, na masalia ya mistari ya ubavuni hubaki.

Sarafu ikinasa kwenye muhuri, inayofuata hugongwa nayo. Upande mmoja hupata picha ya kawaida, na wa pili hupata picha ile ile ikiwa imezama na kugeuka kama kwenye kioo. Hili ni kosa zuri na la thamani, ndiyo maana huigwa sana. Mtu hubana sarafu mbili kwenye jiliwa na kupata herufi zilizozama na kugeuka. Tofauti ni kwamba herufi za jiliwa zimepita juu ya picha iliyokuwepo na kuiponda, na mara nyingi upande wa pili wa sarafu umelainika pale ulipokalia taya za jiliwa.

Usilichanganye na mihuri kugongana bila kisahani katikati. Hapo kila muhuri huchukua alama za mwenzake, na sarafu zinazofuata huwa na mistari hafifu ya upande wa pili, iliyogeuka. Mistari hiyo hukaa kwenye uwanda tu. Haikatizi uso wala herufi, kwa kuwa kwenye muhuri sehemu hizo ni mashimo na haziguswi.

Herufi zikikosekana, chanzo cha kawaida ni grisi na vumbi vya chuma vilivyojaa kwenye mashimo ya muhuri. Mahali pake pamefifia taratibu, pakiwa sawa na uwanda, bila mikato. Palipokwanguliwa pana mng'ao tofauti na pako chini kuliko uwanda. Herufi moja iliyofifia ni jambo la kila siku. Uzi, waya au kipande cha metali kikiingia kati ya muhuri na kisahani huacha umbo lake limezama, kingo zikiwa laini na bila kijituta. Ukiona kijituta pembeni, ni mkwaruzo.

Uharibifu unaojifanya kosa

Sarafu ya mashine ya kukaushia nguo ina ukingo mnene uliojikunja kwa ndani, umefunika sehemu ya maandishi, na kipenyo kimepungua. Uzito unakaribia wa kawaida. Huwa safi na yenye umbo la kuvutia, na huuzwa kama kosa kila siku.

Sarafu ya asidi ni ndogo, nyembamba na nyepesi, herufi zimekonda lakini zote zipo, na uso ni wa chengachenga. Wauzaji huiita kisahani chembamba au kisahani cha sarafu nyingine. Iliyogongwa kweli kwenye kisahani kidogo ina picha ya ukubwa wa kawaida isiyoenea, maandishi ya pembeni yakiwa yamekatika, na uzito wake unalingana na wa sarafu ambayo kisahani kilikuwa chake.

Mduara mkali uliozama upande mmoja, wenye umbali ule ule kutoka ukingoni, ni kazi ya mashine ya kufungia sarafu kwenye karatasi. Joto huleta rangi za ajabu na, kwenye zinki, malengelenge makubwa. Sarafu yenye vichwa pande zote mbili karibu kila mara ni ya mchezo wa kiini macho: sarafu moja imekerezwa ndani na nusu ya nyingine ikapachikwa. Tafuta mshono ndani ya ukingo kwa lenzi. Ukiidondosha juu ya meza ya mbao, hulia kwa sauti iliyofifia.

Ghushi za makusudi zinahitaji umakini wa ziada. Senti 5 ya Marekani ya 1937 yenye herufi D ina toleo ambalo nyati ana miguu mitatu, kwa sababu muhuri ulisuguliwa kupita kiasi na mguu mmoja wa mbele ukafutika. Kwenye ya kweli kuna mfululizo wa vidoa vilivyoinuka kutoka tumboni kushuka ardhini. Aliyeusaga mguu kwenye sarafu ya kawaida hawezi kuongeza vidoa hivyo, na aliposaga patakuwa chini. Ni kanuni ile ile ya mwanzo. Kusaga hupunguza metali, na muhuri uliochimbika huiongeza.

Kuandika na kupiga picha

Kwa kila sarafu unayoiweka kando, andika nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, kipenyo, unene na jibu la sumaku. Piga pande zote mbili nzima, zikiwa wima, kisha ubavu, kisha kasoro yenyewe kwa karibu. Usitumie mwako wa simu. Taa moja pembeni, simu imetulia juu ya kitu, na lenzi ya sonara mbele ya kamera inatosha.

Kama unapima mzunguko wa mihuri, yaani kama muhuri mmoja ulikaa umezunguka kuliko mwenzake, shika sarafu kwa vidole viwili juu na chini na uigeuze kama ukurasa. Za Uingereza na za yuro zinapaswa kutokea upande wa pili zikiwa wima. Za Marekani hutokea kichwa chini, na ndivyo zilivyokusudiwa. Wengi hawahesabu kupotoka kwa chini ya nyuzi 15.

Hifadhi kwenye vifuko visivyo na PVC, maana plastiki hiyo huacha utando wa kijani unaokula metali, na usitumie selotepu. Kampuni za Marekani za kuthibitisha sarafu kama PCGS, NGC na ANACS huthibitisha makosa na tofauti za mihuri, lakini hutoza ada hata kama jibu ni uharibifu. Peleka sarafu ambayo tayari unaweza kueleza, kwa maneno yako, ilipatwa na nini na katika hatua gani ya kazi.